Karatasi ya Kaki

Mchungaji alikuwa ameagiza karatasi zichomwe bila kufunguliwa, na kwa miaka tisa mfagizi wa kanisa alikuwa akizifungua zote.

Alifanya hivyo kila Ijumaa alasiri, uani nyuma ya kanisa, watu wakishatoka kwenye ibada ya toba. Aliigeuza ndoo kuukuu akaikalia, akaweka debe la kuchomea mbele yake, akaunyoosha mguu wenye goti bovu. Afungue, asome, atupe motoni. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa ufagio. Huo unalala nao, asubuhi umepungua. Huu wake ulikuwa wa aina ile inayoamka kabla yako.

Ibada yenyewe haikubadilika. Mchungaji alisoma Zaburi ya hamsini na moja polepole, kisha akanyamaza. Watu wakaandika dhambi zao, kila mtu na zake, wakakunja na kutumbukiza kikapuni. Mwishoni alisoma ule mstari wa Mithali, kwamba anayeficha dhambi zake hatafanikiwa, bali anayeziungama na kuziacha atapata rehema. Mfagizi alikuwa ameusikia zaidi ya mara mia nne, akiwa amesimama mlangoni na ufagio wake.

"Mama, siku moja na wewe uandike," mchungaji alimwambia tena leo.

"Mimi wangu ni moto tu, mchungaji."

Dhambi za watu ukishazizoea hazina jipya. Fundi bomba aliandika kama kawaida yake, "Zilezile za wiki iliyopita." Mwimbaji mmoja wa kwaya bado alimwonea wivu mwenzake wa sauti ya kwanza, safari hii aliomba yeye asamehewe na mwenzake apate mafua. Mfagizi angecheka kama angekuwa na nguvu. Lakini si hizo alizokuwa akizitafuta. Alitafuta kipande cha karatasi ya kaki.

Kaki ilikuwa ya fundi cherehani, mama mmoja mtaratibu wa benchi la tatu, aliyeandika dhambi zake kwenye vipande vya karatasi anayochorea vipimo vya nguo. Kila Ijumaa kaki ile ilisema yaleyale, na kila Ijumaa sentensi moja ambayo mfagizi aliingoja haikuwemo. "Bado," alijisemea, akaitupa motoni, akarudi kufagia.

Sentensi yenyewe ilihusu mtoto. Alikuwa na miaka saba, anatoka shule, na gari lililomgonga halikusimama. Kiatu chake cha kulia kiliokotwa mtaroni. Cha kushoto kilikuwa chini ya kitanda cha mfagizi, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na kila Jumapili alikitoa, akakifuta vumbi, akakirudisha. Zamani mfagizi alikuwa akipeleka mikate madukani kwa gari. Tangu siku ile hakushika usukani tena. Ibada ya mazishi ilifanyika humuhumu kanisani. Miezi miwili baadaye alikuja kuomba kazi, na walipomuuliza mbona mtu mwenye leseni ya udereva anataka ufagio, alisema anataka kuwa karibu na Mungu. Hakusema kwamba alitaka pia kuwa karibu na fundi cherehani.

Kibaya zaidi, alimpenda. Fundi cherehani hakuwahi kumpita bila kumwambia, "Pole na kazi, mdogo wangu." Hata aproni hii ya mifuko mirefu ni yeye aliyemshonea, wala hakuombwa. Mfagizi aliivaa kila siku, na kila siku ilimuuma mwilini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo yenyewe umeshonewa na nani.

Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa ya mwisho. Fundi cherehani alikuwa anahamia mbali, kwa binti yake, na kesho lori lingekuja kubeba cherehani na vitanda. Kama sentensi ile haikuandikwa leo, haingeandikwa tena.

Aliikuta kaki chini kabisa ya kikapu, imekunjwa mara nne. Aliisoma. Akaisoma tena, akaifuatisha kwa kidole, neno kwa neno. Sentensi ilikuwemo.

Miaka tisa alikuwa akidhani kwamba siku hiyo atalia, au angalau atalala. Hakulia. Uchovu uleule ulikaa mabegani palepale, kwa raha zake. Kumbe kuisoma hakutoshi.

Aliuacha moto ukiwaka, akaitia kaki mfukoni mwa aproni, akachechemea kuelekea getini.

Fundi cherehani alikuwa bado amesimama pale, mkoba mkononi. "Nilikuwa nakungoja nikuage, mdogo wangu. Mbona uso umekushuka? Kuna nini?"

Mfagizi aliitoa kaki. Fundi cherehani aliitazama, akautambua mwandiko wake, akashika nguzo ya geti.

"Umeisoma," alisema taratibu.

"Nimeisoma, dada. Nazisoma zako tangu mwanzo." Alimwekea kaki mkononi. "Umeandika kwamba leo umemsamehe dereva aliyemuua mwanao, hata usipomjua maisha yako yote. Ni mimi. Kile kiatu cha kushoto kilinasa chini ya gari langu. Ninacho."