Katoni ya Nyuma

"Bonyeza tu, shemeji," alisema Kombo, mtunza stoo. "Kompyuta itagawa yenyewe hesabu ya katoni kuwa miche. Katoni moja ya sabuni, miche ishirini. Kesho tunauza rejareja."

Mwanahija, mwenye duka, akatoa mkono kwenye kompyuta. "Tuhesabu kwanza. Ikishabadilisha hairudi nyuma, na kilichopungua hatutakijua tena."

"Kha! Huniamini?"

"Nakuamini. Ndiyo maana tunahesabu sote."

Katoni za mbele zilikuwa nzito, wakazishusha kwa kusaidiana. Ya nyuma kabisa, iliyoegemea ukuta, Mwanahija aliinyanyua kwa mkono mmoja. Utepe wake wa gundi ulikuwa mpya, unang'aa.

"Nipe kisu, shemeji."

Kombo alikuwa nacho mkononi. Akaanza kukifuta kwenye shati, polepole, na hakikuwa na hata vumbi.