Kifaa Kigeni

“Fanya upesi unirudishie simu yangu,” shangazi alisema, mgongo ameupa mlango. “Na Kitwana akija kumtafuta mkewe hapa, mimi sikukuona.”

Zamda aliinamia simu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Polisi walitaka picha, na picha zote za vipigo vya Kitwana, tangu cha kwanza, alikuwa amezificha mtandaoni. Simu yake mwenyewe ilibaki mikononi mwa mumewe alipotoroka.

Aliandika nywila. Ilikuwa sahihi, lakini mfumo ulimkatalia:

Kifaa kigeni. Mahali pageni. Hatari: kubwa. Omba idhini kwa simu yako ya kila siku.

“Eti hatari ni mimi,” alisema.

“Bonyeza hicho kitufe tumalizane!” shangazi akafoka.

Akabonyeza. Ndipo akayaona maandishi madogo ya chini: Simu yako itaonyeshwa ramani ya mahali ulipo.

Alitafuta pa kufutia, hapakuwapo. Kiduara kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka, naye akamwomba Mungu simu ile iwe imezima, iwe imeibiwa, iwe imetumbukia chooni.

Kiduara kikasimama. Kioo kikageuka kijani.

Ombi lako limekubaliwa. Karibu tena, Zamda.

Picha zikaanza kufunguka, moja baada ya nyingine. Hakuzitazama.

“Shangazi,” alinong’ona, “mlango huu una komeo?”