Jumanne ya Mtikisiko

Tangu ardhi ya Tabora ianze kutikiswa kwa ratiba, kila Jumanne saa nne asubuhi, Kalunde alikuwa amezoea kuhama nyumba yake kwa nusu saa. Alishusha vyombo kabatini, akavilaza juu ya blanketi, akazima gesi. Jirani yake Mihayo akaja, wakambeba Bi Nyamizi, mama mkwe wa Kalunde aliyepooza miguu, wakamlaza uani kwenye mkeka.

"Asante, mwanangu," Bi Nyamizi alimwambia Mihayo. "Kila wiki unafunga duka lako kwa ajili yangu."

"Usijali, mama."

Kalunde naye alishukuru moyoni. Mitambo iliyofukiwa kwenye ufa wa miamba chini kabisa ya ardhi iliulegeza kidogo kidogo kila wiki, usije ukaachia tetemeko kubwa kwa mara moja, na kwa miaka sita hakuna aliyefunikwa na ukuta kama alivyofunikwa mumewe.

Saa nne ikafika. Kuku waliendelea kuparua. Baadaye kipaza sauti cha mtaa kikatangaza kwamba mtikisiko umekamilika salama, watu warudi ndani, na wanashukuriwa kwa ushirikiano.

Mihayo aliinama amnyanyue mgonjwa.

"Shemeji, umesikia chochote?" Kalunde akamuuliza.

"Hapana. Labda leo umekuwa mdogo mno."

Bi Nyamizi alikuwa amebandika kiganja chake ardhini. "Haijatikisika," alisema taratibu.

Kalunde aliutazama mlango uliokuwa wazi, kisha akaingia mbio na kutoka na sufuria na unga.

"Leo tutapika hapa hapa uani," alisema. "Tule pamoja."

Mihayo alimshukuru, akaenda kumtoa mkewe, aliyekuwa amesharudi ndani.