Maji ya Akiba

Alipofunua pipa la mwisho, harufu ya mayai viza ilimkaba koo. Maji ya bahari yalikuwa yamekaa humo miezi miwili bila kupulizwa hewa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikuwa vimekufa na kuoza, na maji yakageuka sumu tupu.

Pampu ya hewa aliichomoa yeye mwenyewe, ili mngurumo wake usimnyime mumewe mgonjwa usingizi.

Ndani ya tangi la kioo, samaki watano wa baharini aliowalea mumewe kwa miaka tisa walikuwa hoi, wanatweta juujuu ya maji machafu. Kutoka hapo hadi baharini ni safari ya siku mbili.

“Mama watoto, maji yakoje?” mgonjwa aliuliza kutoka chumbani.

“Safi kabisa.”

“Basi wabadilishie. Nataka nisikie yakimiminika.”

Akachota ndoo, akaimwaga polepole kwenye sinki.

“Wamechangamka?”

Samaki mmoja alilala ubavu, mapezi yakaacha kupepea.

“Wanacheza, baba watoto,” akasema, akachota ndoo ya pili.