Jozi ya Mwisho

Fundi aliingia dukani na gitaa lake mgongoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi.

"Pita, mzee wangu, pita! Leo sibahatishi!" Mwenye duka alibandikwa jina la Volyumu, kwa kuwa hakujaliwa kusema taratibu. Aliuza vyombo vya muziki vilivyotumika: spika zilizopasuka, vinanda vilivyong'oka meno, magitaa ya kila namna. "Nimekupatia besi yako!"

Kwa miaka mingi Fundi alikuwa akija kuulizia gitaa hilohilo la besi. Zamani alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Yeye alichonga miili na shingo, mkewe alizungusha nyaya nyembamba za shaba kwenye sumaku, wakatoa magitaa ya umeme machache ambayo leo wakusanyaji wanayatafuta kwa tochi. Fundi alikuwa na mtindo wake: gitaa na besi vilitoka kwenye ubao mmoja. Ukivilaza ubavu kwa ubavu, mistari ya mti ilivuka kutoka kimoja hadi kingine.

Jozi ya mwisho aliikata katikati ya fundo jeusi la mti, nusu huku, nusu kule. Gitaa alibaki nalo. Besi alimpa mwanawe wa pekee, aliyekuwa mpigaji hasa. Watu walimfuata kijana hadi nyuma ya jukwaa wakitaka awauzie, naye akawacheka: "Hii? Njooni mniulize nikishakufa." Kisha akaondoka nayo kwenda kujaribu maisha mbali. Simu zikapungua, halafu zikakoma.

Volyumu alimpenda mzee kwa uvumilivu wake. Kila alipomwonyesha besi, Fundi aliilaza kando ya gitaa lake, akainama, akasema, "Siyo," akatoka zake akipiga mluzi. Mteja mwingine angenuna.

"Ameileta mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha," Volyumu alisema, akifungua mkoba uliochakaa. "Ilibaki chumbani kwa mpangaji wake, hakuna aliyekuja kuidai. Tazama hapo kichwani, chapa yako hiyo!"

"Chapa huigwa," Fundi alisema.

Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu. Ukanda wa begani, pale ulipowahi kukatika, ulikuwa umeshonwa kwa waya wa shaba. Fundi aliupapasa mshono huo kwa kidole gumba, akauacha.

Alilaza gitaa lake juu ya kaunta, akaisogeza besi polepole hadi mbao zikagusana. Volyumu naye akainama. Nusu ya fundo ilikutana na nusu yake, duara likatimia, hata unywele usingepita.

"Si nilikwambia! Mzee wangu, jozi hii watu watatoana macho!"

"Siyo."

"Siyo vipi? Na hilo fundo je?"

"Siyo yenyewe, bwana mdogo. Mimi ndiye niliyeikata, nisiijue?"

Alijaribu kufunga mkoba wa gitaa lake, zipu ikamshinda. Volyumu akamfungia. Mzee alitoka bila mluzi.

Mbele kidogo aliketi kwenye ukingo wa mtaro, gitaa mapajani, huku wapita njia wakimkwepa. Baadaye aliinuka. Akanawa uso kwenye bomba la jirani, akaukausha kwa mkono wa shati. Alipoikaribia nyumba yake alikaza midomo na kuanza kupiga mluzi.

Mkewe alikuwa ameketi mezani, fimbo yake imeegemea kiti. Magonjwa ya miguu yalikuwa yamemfunga ndani, na macho yake yalikuwa mlangoni tangu asubuhi.

"Vipi, Baba? Ndiyo yenyewe?"

Fundi alijishughulisha kutundika gitaa ukutani. "Siyo."

Mkewe alishusha pumzi ndefu, akacheka, machozi yakimtoka.

"Basi mwanangu yu hai," alisema, akavuta sahani ya tatu, akaanza kupakua.