Pumzi na Maharage

Tangu moto upigwe marufuku, kila nyumba hapa Tukuyu inaishi kwa umeme wa paa lake. Jua likiwaka, umeme hutosha na kubaki, na wageni huja na betri iliyochajiwa badala ya sukari. Ukungu ukikaa wiki nzima, hakuna mgeni anayekuja.

Mama mkwe wangu, Bibi Anyisile, anapumua kwa mashine. Paneli zetu ni kuukuu, na kwenye ukungu haziwezi kuendesha mashine na jiko kwa pamoja.

"Zima hii, mwanangu, upike," aliniambia leo, akivua mpira puani.

"Mama, tule mkate wa jana."

"Mkate wa jana tuliula jana." Alicheka, akakohoa. "Jenereta la marehemu baba mkwe wako lilitutoa machozi kwa moshi, lakini halikuwahi kutuuliza kama kuna mawingu."

"Moshi huohuo ndio uliokumaliza kifua."

"Najua. Watoto wanarudi kutoka shule na njaa. Pika."

Nikahamishia umeme jikoni. Juzi alivumilia mpaka wali ukaiva, lakini leo tulibaki na maharage tu. Kutoka chumbani aliniuliza kila mara kama yameanza kulainika, nami nikamjibu bado kidogo.

Yalipolainika, nikatambua kwamba ni muda hajauliza. Nilizima jiko, nikarudisha umeme kwenye mashine, kisha nikamwita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mwenzake mezani.