Haja Iliyorudi Kitungani

Apollinarie alifunua karatasi, akaona jina lake, akaikunja upesi kabla jirani hajachungulia.

"Tena?" Mama Charlotte aliuliza.

"Tena."

Wamama wakaangua kicheko. Ilikuwa mara ya nne tangu Pasaka.

Katika kikundi chao cha maombi, pale Kilibula, kila Jumatano kila mama alileta karatasi moja: jina la mwenye shida, na shida yenyewe, kwa herufi kubwa ili mwandiko usimtaje aliyeandika. Zote ziliingia katika kikapu kidogo, kitunga, halafu kila mmoja akaokota moja ya kuombea wiki nzima. Ukiokota ya kwako, unairudisha, unaokota nyingine.

"Weye, Mungu iko anakurudishia barua," Charlotte alisema. "Pengine adresi iko mubaya."

"Na weye nyumba yako ingali inavuja!" Apollinarie alimjibu. "Masafuria matatu kwa saluni ya wageni, kila mvua. Hauombe bati?"

"Minye? Niko na kingine cha kuomba kwanza."

Apollinarie akamgeukia aliyeketi pembeni. "Na weye Sabine? Mupunga wako wa Bwegera umekwenda na maji mara mbili."

Sabine alikohoa, akaanza kutafuta kitu chini ya kiti.

Apollinarie naye akacheka, maana afanyeje? Miaka tisa alikuwa akiandika neno lile lile: mtoto. Toussaint, mume wake, hakulalamika hata siku moja. Mama mkwe alikuwa ameacha hata kuuliza, na hilo ndilo lililouma kuliko yote.

Jumatano iliyofuata aliandika kama kawaida, lakini njiani akapunguza mwendo. Mungu si kiziwi, alijiambia. Alishasikia. Kama jibu ni hapana, basi ni hapana. Nimusumbue mpaka lini? Alipofika mlangoni akaifunga karatasi yake katika fundo la kikwembe, kiunoni, akaingia akaketi. Kitunga kilipopita kukusanya haja, alitia mkono mtupu, akautoa.

"Bwana," aliomba kimyakimya, "leo unipe tu ya mwenzangu, nimuombee."

Kitunga kikazunguka tena. Akaokota, akafunua.

APOLLINARIE. MTOTO.

"Tena?" Charlotte aliuliza. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyecheka.

"Tena."

"Rudisha basi, mama. Okota ingine."

Akairudisha juu ya zile nyingine, akachimba kwa vidole hadi chini kabisa ya kitunga, akatoa karatasi iliyolowa pembeni, kama iliyotoka katika nyumba inayovuja.

APOLLINARIE. MTOTO.

Akapeleka mkono kiunoni. Fundo lilikuwa bado limefungwa.